Kingi Asiye na Ukoo: Tashtiti ya Vyeo vya Kijeshi katika Vyama vya Beni kwa Mtazamo wa Iringa na Mbeya

Ikisiri

Vyama vya ngoma ya beni vilivyoenea Afrika Mashariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vilijipangia vyeo vya kijeshi: kingi, jenerali, kapteni, sajini na vinginevyo. Wahakiki wamevisoma vyeo hivyo ama kama uigaji wa mkoloni ama kama njia ya kutafuta hadhi mpya. Makala haya yanadai kuwa tashtiti ya beni haimo katika mavazi wala katika hatua za gwaride, bali katika kanuni za uanachama zilizoamua nani apewe cheo na kwa sababu gani. Dai hilo linajengwa kwa kuchunguza maneno ya vyeo yenyewe, kisha kuyaweka kando ya taasisi mbili za Nyanda za Juu Kusini: utani wa Wahehe na Wangoni, na ukwangala wa Wanyakyusa.

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, beni imepewa nafasi ya ajabu. Inatajwa mara nyingi, lakini inatajwa kama mali ya wanahistoria. Mwanafunzi wa shahada ya umahiri anayeisoma kwa mara ya kwanza hukutana nayo katika Ranger (1975), au katika kurasa chache za Iliffe (1979), kisha huihamishia katika tasnifu yake kama mfano wa athari za ukoloni katika ngoma. Kwa namna hiyo swali la kihakiki huwa limekwisha kufungwa kabla ya kuulizwa. Watu waliovaa kofia za kijeshi, wakapanga mistari na kupeana vyeo vya maofisa, huchukuliwa kuwa walikuwa wanaiga. Kilichobaki ni kueleza walimwiga nani.

Tatizo la usomaji huo si dogo. Fasihi ambayo sifa yake kuu ni kuiga haiwezi kuhesabiwa miongoni mwa fasihi zenye fikra. Ikiwa beni ni uigaji mtupu, basi maelfu ya makarani, askari waliomaliza utumishi, wapagazi na vibarua waliojiunga nayo watakuwa hawakusema lolote kuhusu dola iliyowatawala. Walikuwa kioo chake tu. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Hata hivyo, hayakubali pia kinyume chake chepesi, yaani kwamba kila kofia ya beni ilikuwa tusi la siri kwa mzungu. Yanapendekeza kwamba tashtiti ya beni itafutwe mahali ambapo haijatafutwa vya kutosha: katika taratibu za kuingia chamani na kupanda cheo.

2. Njia ya beni na historia ya majeshi nyanda za juu

Jina beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki wa matarumbeta na ngoma. Ngoma hiyo ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaurithi ushindani wa kale wa mitaa ya Lamu na Mombasa, kisha ikateremka hadi Tanga na Dar es Salaam. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Skochi. Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Kwa kawaida Marini walijihesabu kuwa watu wa mjini na wenye elimu, ilhali Arinoti walivuta zaidi wafanyakazi na wageni kutoka bara, ingawa mpaka huo haukuwa sawa kila mahali.

Kilichoipeleka beni bara kwa kasi kilikuwa vita. Mnamo Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, yakaichukua Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu, na kufikia mwisho wa Agosti yakawa Iringa. Oktoba mwaka huohuo jeshi la Wajerumani lililokuwa likirudi nyuma kutoka Tabora lilipigana tena katika eneo la Iringa. Vita hivyo viliisha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, kusini tu ya mpaka, Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini. Kwa miaka miwili wenyeji wa nyanda hizi walishuhudia majeshi mawili, yenye lugha mbili za amri, yakichukua chakula kilekile na kutafuta wapagazi katika vijiji vilevile.

Ikumbukwe pia kwamba Iringa haikufundishwa maana ya jeshi na Waingereza. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikivunja kikosi cha Zelewski huko Lugalo. Wajerumani walirudi na kuiteka Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa aliendelea kupambana hadi kifo chake mwaka 1898. Hivyo vyeo vya kijeshi vya mgeni viliingia katika nchi iliyokuwa na kumbukumbu mbichi ya jeshi lake yenyewe, la ushindi wake na la kushindwa kwake. Baadaye, dhahabu ya Lupa iliwavuta wafanyakazi wa makabila mengi hadi Chunya na Mbeya. Upande wa kusini, ngoma zenye udugu na beni, yaani mganda na malipenga, zilistawi katika mwambao wa Ziwa Nyasa, na kalela ikastawi katika migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini. Nyanda za juu zilikaa katikati ya njia hizo za askari na za vibarua.

3. Usomaji wa aina mbili

Usomaji wa kwanza ni wa maofisa wa kikoloni wenyewe. Wao waliyumba baina ya kicheko na hofu. Waliiona beni kuwa mchezo wa watoto wakubwa, na papo hapo wakashuku kuwa mtandao wa vyama wenye matawi kila mji, vyeo vinavyofanana na barua zinazosafiri ungeweza kugeuka jeshi la kweli. Kicheko na hofu vilitokana na chanzo kimoja: wote waliamini kuwa cheo ni mali ya dola, na kwamba raia akikishika basi ama anacheza ama anaiba.

Usomaji wa pili ni wa wanataaluma. Mitchell (1956), akiichambua kalela ya Luanshya pamoja na kingi wake, daktari wake na muuguzi wake, alikataa kuiona kama dhihaka. Kwake yeye, wachezaji walijipatia kwa njia ya ngoma sehemu ya heshima ya maisha ya kizungu ambayo hawakuweza kuifikia kwa njia nyingine. Ranger naye alifanya kazi kubwa zaidi: alionesha kwamba beni haikuanzia kwa mzungu, bali iliendeleza mashindano ya ngoma ya pwani kwa vifaa vipya. Baada ya Ranger, neno “kuiga” halitoshi tena.

Hata hivyo, wote hawa wanaliangalia jambo kwa mbele, kama watazamaji waliosimama kando ya gwaride. Wanasoma kofia, mshipi, filimbi na mwendo. Mtazamaji wa gwaride huona kapteni. Haoni jinsi kapteni huyo alivyopatikana. Kwa mhakiki wa tashtiti hilo ndilo swali la msingi, kwa sababu dhihaka ya vyeo haihitaji mavazi ya kuchekesha. Inahitaji tu kwamba njia ya kukipata cheo iwe tofauti na ile ambayo mwenye cheo cha asili anadai kuwa ndiyo pekee.

4. Ushahidi wa maneno

Maneno ya vyeo ni mahali pazuri pa kuanzia, maana yamehifadhiwa vizuri kuliko maneno ya nyimbo. Kiswahili cha kijeshi kina matabaka matatu. Tabaka la kwanza lilikuja na askari wa Kisudani waliochukuliwa na Wajerumani: ombasha, shaushi, bashaushi na efendi, vyote vyenye asili ya Kituruki na vilivyopitia jeshi la Misri. Tabaka la pili ni la Kiingereza: koplo, sajini, luteni, kapteni, meja, kanali. Tabaka la tatu, ambalo kwa umri ni la kwanza, ni la maneno yaliyokuwamo katika Kiswahili kabla ya dola za Ulaya: askari, jemadari, amiri.

Kati ya maneno ya Kituruki, efendi peke yake ndilo lililobaki hai, katika umbo la afande. Historia yake inafundisha. Katika jeshi la Wajerumani kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kukifikia, na katika Keya, kama King’s African Rifles ilivyoitwa na wenyeji, Waingereza walikitumia tena kwa ajili hiyohiyo: kuwapa Waafrika wakongwe heshima bila kuwafanya maofisa kamili. Ofisa Mwafrika mwenye hati kamili hakupatikana katika vikosi vya Tanganyika hadi ukingoni mwa uhuru. Hapa ndipo beni inapoanza kusema. Vyama havikujitosheleza kwa ombasha na shaushi, vyeo ambavyo wengi wa wanachama wake waliwahi kuvishika kwa kweli. Vilipanda juu ya dari lililowekwa, vikachukua kapteni, jenerali na kingi. Kama nia ingekuwa kuiga maisha waliyoyajua, wangeiga mstari wa askari. Walichokichukua ni mstari uliofungwa.

Uteuzi wa neno kingi unastahili kuangaliwa peke yake. Kiswahili hakikuwa na upungufu. Kilikuwa na mfalme, sultani, na jumbe. Kihehe kilikuwa na mutwa, na Kinyakyusa kilikuwa na malafyale. Maneno haya yote yana sifa moja inayoyatofautisha na kingi: yamefungwa na ukoo, ardhi na matambiko. Mtu hajiiti mutwa kwa kuchangia pesa. Kwa kukopa kingi, chama kilipata jina la ukubwa wa juu kabisa lisilo na wazee wake, lisilo na kaburi la kuliheshimu, na ambalo mwenyewe halisi alikaa ng’ambo asionekane. Heshima ya mutwa ikaachwa palepale ilipokuwa. Heshima ya mfalme wa Uingereza ikavishwa jirani anayejulikana kwa jina, kwa madeni na kwa mke wake. Hakuna haja ya kumchekesha mtu zaidi ya hapo.

Sarufi nayo inachangia. Askari hubaki askari katika umoja na wingi, lakini majina ya vyeo vya juu huchukua kiambishi ma- katika wingi: makapteni, majenerali, kama yalivyo makarani na mawaziri. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, mtu mwenye cheo huhesabika mmojammoja, ilhali askari ni wingi usiotenganishwa. Chama cha beni kilichokuwa na maofisa wengi kiligeuza uwiano huo. Kilikuwa jeshi ambalo ndani yake waliohesabika ni wengi.

Neno jingine ni boma. Kwa Kiswahili cha bara, boma lilikuwa ngome ya Mjerumani, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya. Jengo la kikoloni liitwalo Boma mjini Iringa leo ni makumbusho. Katika malipenga, boma ni kundi lenyewe la wachezaji. Mahali ambapo mtu aliitwa kulipa kodi na kuhukumiwa pakapewa jina la mahali anapokwenda kucheza na wenzake. Neno halikubadilishwa hata herufi moja. Kilichobadilika ni nani anayemwita mwingine bomani.

5. Kanuni za uanachama

Mtu aliingia beni kwa mchango, akabaki kwa michango, na akapanda kwa utumishi na kwa ukarimu. Vyeo vilifungamana na wajibu: kukusanya fedha, kuandaa karamu, kuongoza mazoezi, kupokea wageni, kuangalia wagonjwa na kuzika. Mwanachama aliyehamia mji mwingine alikuta tawi linalozitambua kanuni hizo. Kwa mfanyakazi aliyetoka mbali na kwao, huo ulikuwa msaada wa kweli, hasa msiba ulipotokea mahali asipokuwa na ndugu.

Zisomwe kanuni hizi kama matini. Katika jeshi la dola, cheo hutoka juu: mkubwa humpa mdogo, na mdogo hutii. Katika beni, cheo hutoka kwa waliochini na walio sawa, kwa sababu wao ndio wanaohesabu michango na kukumbuka nani alihudhuria msiba. Katika jeshi la dola, ofisa hulipwa kwa kuwa ofisa. Katika beni, ofisa hulipa. Kadiri anavyopanda ndivyo karamu inavyomgharimu. Katika jeshi la dola, amri ya mwisho ni kuua au kuuawa. Katika beni, wajibu wa mwisho wa kapteni ni kuhakikisha kwamba mwenzake amepata sanda. Kila kipengele cha jeshi kimehifadhiwa, na kila kimoja kimeelekezwa upande mwingine.

Ugeuzaji wa namna hii ndio uti wa mgongo wa tashtiti. Nadharia ya fasihi imezoea kuitafuta tashtiti katika kauli: katika chuku, kinaya na kejeli za msemaji. Beni inaonesha kwamba tashtiti yaweza kukaa katika muundo wa taasisi, huku kila mshiriki akiwa na uso mkavu. Kwa kweli, ukavu huo ni sharti. Kapteni wa beni asiyetimiza mwendo wake kwa makini angeiharibu hoja, maana hoja ni kwamba cheo kinaweza kubebwa kwa heshima kamili na mtu ambaye dola ilisema hastahili.

6. Utani na ukwangala

Je, hadhira ya nyanda za juu ingeuelewaje ugeuzaji huo? Pwani, beni ilipokewa na watu waliozoea mashindano ya mitaa. Iringa na Mbeya hazikuwa na mitaa ya Lamu, lakini zilikuwa na taasisi nyingine zilizoandaa masikio.

Ya kwanza ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na kutokana na vita hivyo wakawa watani. Moreau, aliyeuandikia utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, alibainisha mambo mawili yanayokwenda pamoja: ruhusa ya kumdhihaki mtani bila yeye kukasirika, na wajibu wa kumtumikia katika msiba. Adui wa jana ndiye mzishi wa leo, na matusi yake msibani ni sehemu ya huduma. Kwa watu wenye taasisi kama hiyo, chama chenye sura ya jeshi na kazi ya kuzikana si fumbo. Kinafuata mantiki wanayoijua: vita vilivyokwisha huhifadhiwa kwa kufanywa mzaha, na mzaha huthibitishwa kwa wajibu.

Ya pili ni ukwangala. Wilson (1951) alieleza jinsi vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walivyojenga kijiji chao mbali na baba zao, wakaishi pamoja hadi uzeeni. Thamani iliyoviunganisha vijiji hivyo ilikuwa ukwangala, yaani raha na adabu ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Viongozi wa vijiji, amafumu, hawakutoka katika ukoo wa malafyale, na waliteuliwa kwa sifa zao. Pale ambapo cheo cha wenzako na cheo cha ukoo vilikwisha kutenganishwa namna hiyo, kingi wa beni alipata kiti kilichokuwa tayari. Hakumnyang’anya malafyale kitu, kwa sababu alikuwa mkubwa wa aina nyingine: mkubwa wa wenzake.

Ulinganisho huu hauna maana kwamba beni ilizaliwa kutokana na utani au ukwangala. Una maana kwamba matini moja husomwa kwa misamiati tofauti. Mhakiki anayeichukua beni kama jambo moja kutoka Lamu hadi Tukuyu anapoteza nusu ya maana yake, kwa kuwa nusu hiyo iliwekwa na hadhira.

7. Mipaka ya hoja

Pingamizi la kwanza ni kwamba beni ilihifadhi matabaka badala ya kuyapinga. Marini waliwadharau Arinoti. Aliyekuwa na mshahara alipanda haraka kuliko asiye nao. Hilo ni kweli, na halifai kufichwa. Tashtiti haina dhamana ya usawa. Lakini tofauti kati ya cheo kinachonunuliwa kwa kulisha watu na cheo kinachotolewa kwa rangi ya ngozi si tofauti ndogo, na wanachama walioishi chini ya vyote viwili waliiona.

Pingamizi la pili ni kwamba wachezaji walilipenda jeshi: walijivunia mavazi safi, mwendo sawasawa na sauti ya tarumbeta. Hili nalo ni kweli, na Mitchell alikuwa na haki ya kulisisitiza. Hata hivyo, mapenzi na tashtiti havipingani. Mtani humtania anayemheshimu. Asiyemheshimu humtukana tu. Wahauka waliorekodiwa na Jean Rouch nchini Ghana katika miaka ya 1950, wakipandwa na pepo wa gavana na jenerali, wamezua mabishano yaleyale kwa sababu wahakiki walitaka wachague kati ya kuabudu na kudhihaki. Hakuna aliyewalazimisha wachezaji wenyewe kuchagua.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: dhihaka isiyobadilisha kitu ina thamani gani? Beni haikuangusha serikali yoyote. Jibu haliwezi kuwa kwamba iliandaa uhuru, kwani dai hilo ni kubwa kuliko ushahidi. Linaloweza kusemwa ni dogo, lakini ni thabiti. Swali la nani anaweza kuwa ofisa halikuwa la ngomani tu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi, na miongoni mwa madai yao, pamoja na mishahara, lilikuwa kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali iliyumba kwa siku kadhaa, jeshi likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa. Swali lililoweza kuitikisa nchi huru lilikuwa limekwisha kuulizwa kwa miongo kadhaa katika viwanja vya ngoma, kwa uso mkavu, na watu walioitwa waigaji.

8. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba vyeo vya beni ni tashtiti ya muundo. Maneno yake yalivuka dari lililowekewa Mwafrika katika jeshi. Neno kingi lilichaguliwa kwa sababu halikuwa na ukoo. Boma lilihamishwa kutoka kwa mtawala hadi kwa wachezaji. Na kanuni za uanachama zilikigeuza cheo kutoka haki ya kuamuru kuwa deni la kulisha na kuzika. Katika Iringa na Mbeya ugeuzaji huo ulikutana na utani na ukwangala, taasisi zilizokuwa zimekwisha kuwafundisha watu kwamba dhihaka na wajibu hukaa nyumba moja.

Kwa mwalimu wa fasihi simulizi, matokeo yake ni ya kimbinu. Mwanafunzi anayekwenda Kyela, Rungwe au Iringa kukusanya habari za ngoma hizi asitosheke na nyimbo na mavazi. Aulize cheo kilipatikanaje, kiligharimu nini, kilipotezwaje, na nani alizikwa na nani. Vyeo vingi vya jeshi la Kijerumani vimekwisha kutoka katika midomo ya watu; ombasha na shaushi wanahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Afande bado anaitwa kila siku, barabarani na langoni, mara kwa heshima na mara kwa utani, na mara nyingi asikiaye hawezi kusema ni kwa lipi. Katika hali hiyo ya kutotenganika ndimo beni ilimofanyia kazi yake.